Manyoni: mtandao hakuna, na kifaa kipo mkononi

Wadau, najua nimekuwa adimu. Kila nikikaa niandike, mhariri ananikumbuka. Leo nimejificha kwenye kona moja hapa mjini, simu nimeilaza kifudifudi, maana hili jambo limenikaa kooni tangu Novemba 2024 na nisipolitoa litanivimbia.

Ilikuwa hivi. Gazeti lilinituma Manyoni kuandika habari za wakulima wa korosho. Wengi wenu Manyoni mnaijua kupitia dirisha la basi. Unatoka Dodoma, unapita Bahi, unapita Kintinku, unaupanda ukuta wa Bonde la Ufa basi likilia kama linaonewa, unafika juu unanunua asali kwenye chupa ya maji, unasinzia tena mpaka Singida. Lakini itazameni ramani vizuri. Pale barabara inagawanyika, moja inakwenda Singida na Mwanza, nyingine Itigi na Tabora. Reli ya Kati inapita hapo toka enzi za Mjerumani. Na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ule ulioanza kujengwa mwaka 2009, unafuata njia hiyo hiyo ya Dodoma kwenda Singida na Kanda ya Ziwa. Kwa hiyo mtu akiniambia Manyoni mtandao unasumbua kwa sababu ni mbali, nitambishia mpaka kesho. Manyoni ni njia panda. Mwanga unaobeba barua pepe za nusu ya nchi unapita chini ya miguu ya wauza asali.

Basi nikaingia ofisi moja kutafuta takwimu zangu za korosho. Ofisi gani siitaji, na ninyi msinibane. Nje, chini ya mwarobaini, kulikuwa na watu kama ishirini. Ndani karani ameegemeza kidevu kwenye kiganja, kompyuta imewashwa, feni inazunguka. Nikajitambulisha, nikatoa kitambulisho. Akaniangalia kwa huruma.

"Mtandao hakuna, kaka."

Ile ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote katika kazi hii ya kuzunguka mikoani. Zamani walikuwa wakisema "njoo kesho" na walau ulijua kuna mtu anakukwepa. "Mtandao hakuna" haina mwenyewe. Ni kama mvua. Huwezi kuikasirikia mvua.

Chini ya mwarobaini alikuwepo bibi mmoja ametoka Sanza. Alikuja kufuatilia malipo (sitasema malipo gani, mkijua malipo mtajua ofisi). Ilikuwa siku yake ya pili. Usiku alilala kwa mjukuu wa dada yake. Alikuwa na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote za duniani, na alinieleza bila hasira yoyote kwamba nauli ya kurudi anayo, lakini nauli ya kuja mara ya tatu hana.

Saa sita hivi akafika fundi kwa bodaboda. Kijana wa rika langu, begi mgongoni, kalamu sikioni. Nilimshikia tochi ya simu, naye kwa shukrani akaniruhusu nichungulie kabati la vifaa. Umeme upo. Swichi inawaka. Faiba aliipima, nzima. Kilichokufa ni kidude kimoja cha chuma, urefu na upana wa kidole changu cha mwisho, kinachochomekwa kwenye tundu la swichi na nyuma yake unachomeka faiba. Wenyewe wanakiita SFP. Ndani yake kuna leza inayogeuza umeme kuwa mwanga, na jicho linalogeuza mwanga unaorudi kuwa umeme. Leza ya kile ilikuwa imezimika.

Nikafurahi, maana fundi aliingiza mkono kwenye begi akatoa kingine. Kipya, kasi ile ile, rangi ile ile ya mwanga, umbali ule ule wa kilomita 10. Akachomeka, kikalia tak. Taa ikawaka. Nikageuka nimwite bibi. Kabla sijafungua mdomo taa ikazima.

Kwenye skrini ya kompyuta yake ndogo ukatokea mstari mmoja, kwa Kiingereza bila shaka, ukisema kifaa hiki hakiruhusiwi na mlango umefungwa. Akachomoa, akachomeka. Mstari ule ule. Mara ya tatu hakuchomeka kwa matumaini, alichomeka ili mimi nione.

"Kibovu?" nikauliza.

"Kizima. Nimekijaribu asubuhi. Hakijatengenezwa na kampuni iliyotengeneza hii swichi, basi."

Jamani. Nilimwomba arudie. Akarudia. Kifaa kipo, kizima, kimekaa tunduni mwake, kinawaka. Kuna programu humo ndani imekisoma jina na kukikataa. Bibi wa Sanza hakukosa mtandao kwa sababu ya umbali, wala umeme, wala mvua, wala mchimba mtaro aliyekata faiba. Alikosa kwa sababu ya uamuzi wa mtu fulani aliyekaa kwenye kiti chake, nchi nyingine, miaka kadhaa iliyopita, akaandika mistari michache ya kuamua nani apite na nani asipite.

Mimi ni mtu wa sanaa, Mlimani nilisomea habari. Lakini niliporudi Dar nilimganda rafiki yangu tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni, sasa ni mhandisi wa mitandao, na nikasoma mengine mwenyewe mpaka macho yakauma. Hiki ninachowaandikia ni nilichokielewa, kwa lugha ya mtu wa kawaida.

Kwanza, kwa nini hivi vidude vinachomolewa? Kwa sababu mtengeneza swichi hajui utaifunga wapi. Pengine ofisi ya pili iko ng'ambo ya uwanja, mita mia tano. Pengine iko kilomita 10, au 80. Kila umbali na leza yake. Badala ya kujenga swichi ya kila umbali, unaacha tundu tupu, mnunuzi atachomeka anachohitaji, kama balbu. Miaka ya 1990 walikuwa na kidude kikubwa zaidi kilichoitwa GBIC. Mwaka 2000 watengenezaji kadhaa wakakubaliana vipimo vya hiki kidogo: umbo, miguu 20 ya umeme, na namna kitakavyojieleza. Shika hilo neno, walikubaliana. Maana nzima ya mapatano yale ilikuwa kwamba kidude cha huyu kiingie kwenye tundu la yule.

Pili, namna kinavyojieleza. Hapa ndipo nilipopapenda. Ndani ya kila SFP kuna kumbukumbu ndogo sana, baiti 256 tu. Ujumbe wako mrefu wa WhatsApp unaijaza. Humo kimeandikwa kitambulisho chake: mimi ni kifaa cha aina gani, jina la aliyenitengeneza (herufi 16, zikizidi shauri yako), namba ya toleo, namba yangu ya pekee, tarehe niliyotengenezwa, rangi ya mwanga wangu, naweza kasi gani, nafika umbali gani. Swichi inavisoma kwa njia ya nyaya mbili tu, utaratibu waliobuni Philips mwaka 1982. Na mwisho wa kila sehemu kuna namba ya kuhakikisha, jumla ya baiti zilizotangulia, ili msomaji ajue kama kitambulisho kimechubuka.

Sasa nani anakisoma? Si swichi kama chuma. Ndani ya swichi kuna kompyuta, kompyuta ina mfumo endeshi, na mfumo endeshi una programu ndogo ndogo za kuongea na kila kifaa. Hizo ndizo viendeshi, wengine mnaziita draiva. Kiendeshi ndicho kinachoona mguu mmoja wa umeme umeshuka, maana yake kuna kitu kimechomekwa. Kinasubiri kidogo, sehemu ya tatu ya sekunde hivi, kifaa kiamke. Kinasoma kitambulisho. Kinakagua jumla. Kinaiuliza chipu ya mtandao, wewe unaweza kasi zipi, kinalinganisha na anazoweza mgeni, kinachagua iliyo ya wote wawili. Ndipo kinaruhusu leza iwake. Halafu kinakaa macho: mwanga umepotea? leza imeleta hitilafu? mtu amekichomoa ghafla mashine ikiwa inafanya kazi? Yote hayo kiendeshi kiyashughulikie bila kuangusha mfumo mzima.

Na hapo kwenye kusoma kitambulisho ndipo mlinzi wa geti anapoweza kuwekwa. Ndani ya zile baiti kuna eneo dogo ambalo mapatano yaliliacha wazi kwa matumizi ya mtengenezaji mwenyewe. Baadhi ya makampuni huandika humo alama yao ya siri. Kiendeshi kikikuta alama, karibu. Kisipoikuta, mlango unafungwa. Hakijapima mwanga, hakijapima kosa hata moja. Kimeuliza ukoo.

Rafiki yangu wa chumba kimoja alinicheka. "Ninyi waandishi kila kitu mnakifanya hadithi ya mnyonge," akasema. "Saa nane usiku kidude cha dola 10 kimeanza kutema takataka, mteja anampigia nani? Anampigia mwenye swichi. Mwenye swichi ana haki ya kusema mimi siungi mkono nisichokijua."

Ana hoja, na sitaipita juu juu. Vidude vinadanganya kweli. Nilikwenda kusoma kiendeshi cha SFP kilichomo ndani ya Linux, maana kile kiko wazi kwa yeyote, hata kwa mtu wa sanaa mwenye bando la usiku. Humo mna orodha ya wasumbufu kwa majina. Kuna kidude cha Huawei kiitwacho MA5671A kinachoweza kasi ya gigabiti 2.5 lakini kitambulisho chake kinataja kasi ndogo, kama mtu anayeficha umri. Kuna cha Ubiquiti ambacho kitambulisho chake kinadai kinaweza kila aina ya mtandao iliyopo, hata gigabiti 10, na hakiwezi. Kuna cha VSOL ambacho ukikisoma baiti nyingi kwa mpigo kinakujibu baiti moja na zinazofuata sifuri tupu, mpaka ukisome baiti moja moja kwa upole. Na vingine vinavyopaswa kuamka chini ya nusu sekunde vinachukua karibu dakika nzima.

Sisi wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa habari ya vitambulisho vya uongo. Aprili 2017 pale UDOM Rais Magufuli alipokea orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tulibishana nchi nzima: huyu muuguzi cheti chake feki lakini miaka ishirini anazalisha wake zetu salama, tufanyeje?

Sasa tazama, mwaka huo huo wa 2017, hawa jamaa wa Linux walilitatuaje lao. Mpaka hapo kila kiendeshi cha kila kadi ya mtandao kilikuwa na namna yake ya kushughulika na SFP. Kampuni hii imeandika yake, ile imeandika yake, makosa yale yale yanarudiwa kwenye kila jiko. Kiendeshi cha Intel cha kadi za gigabiti 10, kwa mfano, kinakataa vidude kisivyovitambua, isipokuwa ukiwasha kigezo maalumu unapokipakia. Halafu Mwingereza mmoja, Russell King, akaandika sehemu ya pamoja iliyoingia kwenye Linux toleo 4.14 mwishoni mwa 2017. Kazi akaigawa. Upande mmoja kuna anayeshughulika na kidude: kuona kimeingia, kusubiri, kusoma, kuwasha leza, kulia hitilafu ikitokea. Upande wa pili kuna anayeshughulika na chipu ya mtandao. Katikati kuna msuluhishi anayewakutanisha wakubaliane kasi. Mwenye kutengeneza chipu mpya sasa haandiki tena habari za SFP, anajibu maswali ya msuluhishi tu.

Na wale waongo? Hawakufungiwa mlango. Waliandikwa kwenye orodha, kila mmoja na dawa yake: huyu akisema hana 2.5, anayo, huyu akidai anaweza yote, mpe moja tu, huyu msome baiti moja moja. Orodha inakua kila mtu anapokutana na msumbufu mpya na kutuma marekebisho. Yaani anayedanganya anajulikana kwa jina lake, na asiyedanganya hasumbuliwi kwa sababu ya ukoo.

Hiyo kwangu ndiyo tofauti ya kuunda kiendeshi kwa ajili ya kazi na kukiunda kwa ajili ya duka. Wote wawili wana woga ule ule, kwamba mgeni anaweza kuwa mbaya. Mmoja anamtazama mgeni anafanya nini. Mwingine anafunga geti na kuuza funguo. Na funguo si rahisi. Kidude cha kampuni ndogo huanzia kama dola 10. Chenye jina kubwa, kazi ile ile, bei yake ya orodha huwa ni mamia ya dola.

Nisiwaonee wenye majina yote. Cisco, wakubwa wa hii biashara, swichi zao nyingi zina amri, ingawa kwa muda mrefu haikuwa ikionekana kwenye menyu ya msaada, ya kukubali vidude vya wengine. Ukiipiga inakuonya kwamba tatizo likitokana na hicho kidude wanaweza wasikuhudumie. Mimi hilo nalikubali kabisa. Nionye, niandikie kwa wino mwekundu, niambie nikiungua nisikulilie. Halafu niache niamue, maana swichi nimenunua. Pale Manyoni fundi aliniambia kama amri ya namna hiyo ipo kwenye swichi ile basi yeye haijui, na hata angeijua, nenosiri la kubadilisha mipangilio liko Dar kwa mtu ambaye simu yake ilikuwa inaita tu.

Mafundi wana njia yao. Kuna kifaa cha kuandika upya zile baiti 256, unakichomeka kidude chako kizima, unakipa jina la ukoo mwingine na alama yake, kinapita getini kikitabasamu. Fundi wangu anakijua, hana. Fikirieni lakini: kidude kisicho na kosa lolote kinalazimika kughushi cheti ili kifanye kazi ambayo kinaiweza. Halafu siku kikiharibika kweli, kumbukumbu za mtandao zinaonyesha jina ambalo si lake, na anayetafuta tatizo anatafuta mtu asiyekuwepo. Geti limezalisha uongo lililodai kuuzuia.

Hapa nageukia kwetu. Tulijenga Mkongo kwa mkopo wa China, nyaya za baharini zikafika Dar, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata, na sote tukajifunza kuhesabu mtandao kwa kilomita za faiba. Waziri akisimama bungeni anataja kilomita. Sisi waandishi tunaandika kilomita. Sijawahi kuandika, na sijawahi kusoma, habari moja kuhusu kilichomo kwenye kabati mwisho wa kilomita hizo.

Na kilichomo tunakinunua vipi? Kanuni ya kawaida ya manunuzi ya umma, karibu dunia nzima, ni kwamba usitaje chapa, na ukilazimika kutaja uongeze "au kinacholingana nacho". Kanuni nzuri. Lakini inalinda siku ya kununua tu. Siku hiyo washindani ni watano, bei inashuka, picha zinapigwa. Kesho yake swichi imeshafungwa, na kiendeshi kilichomo kinasema kuanzia sasa vidude vyote, kwa miaka kumi ijayo, vitoke kwangu. "Kinacholingana nacho" kimekufia hapo. Hakuna zabuni, hakuna ushindani, kuna mstari mmoja wa Kiingereza kwenye skrini ya fundi. Ningekuwa na sauti pale wanapoandika masharti ya zabuni, ningeongeza sentensi moja: kifaa kikubali SFP yoyote inayotimiza mapatano, kionye kikitaka, kisifunge. Mwuzaji asiyeweza kusaini hapo aseme mapema, tukiwa bado na hela mfukoni.

Kuna la pili linaloniuma zaidi. Mwaka 2004, mimi hata darasa la kwanza sijaanza, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenye mradi wa KiLinux walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yote kwa Kiswahili. Wazee wa blogu za wakati ule walishangilia, na walikuwa na haki. Tulisema sasa kompyuta inaongea lugha yetu. Miaka ishirini baadaye nauliza, tulishuka ngazi ngapi kutoka pale? Tulitafsiri vitufe, tukasimama. Chini ya vitufe kuna mfumo endeshi, chini yake kuna viendeshi, na huko ndiko wanakoamua nani apite. Kiendeshi cha Linux nilichowaeleza kiko wazi, hakina kiingilio, mwanafunzi wa UDOM au DIT anaweza kukisoma usiku huu na kutuma marekebisho ya kidude kilichomsumbua Itigi. Hatungoji mkopo wa mtu kwa hilo. Rafiki yangu anasema chuoni somo la mifumo endeshi walilifanya ubaoni, wakafanyia mtihani, wakalisahau. Sijui wengine mlisomaje.

Nusura nisahau jambo moja ambalo fundi alinionyesha wakati tunasubiri. Vidude vingi vya siku hizi vina ukurasa wa pili wa kumbukumbu unaobadilika kila wakati: joto langu sasa hivi, umeme ninaopata, mkondo unaoingia kwenye leza, mwanga ninaotoa, mwanga ninaopokea. Vitu vitano. Leza inapozeeka inadai mkondo mkubwa zaidi ili itoe mwanga ule ule, kama mzee na chai ya tangawizi. Kwa kawaida inaanza kuonekana muda mrefu kabla haijazima. Vile vya kawaida vimepimwa kuhimili joto la mpaka nyuzi 70, na kabati lile liko kwenye chumba chenye bati bila dari, Novemba ya Manyoni mnaijua. Yaani kile kidude huenda kilikuwa kinalalamika tangu siku nyingi, kwa namba, kwa yeyote atakayeuliza. Kiendeshi cha swichi ile kilikuwa hodari wa kuuliza jina. Hali, hakuna aliyekipangia kuuliza.

Kidude chenye ukoo kilisafirishwa kwa basi kutoka Dodoma, kikafika kesho yake saa nane mchana, kimefungwa kwenye bahasha ya kaki iliyoandikwa namba ya simu ya fundi. Tak. Taa ikawaka, ikabaki. Karani akainuka, akaanza kuita majina kutoka kwenye daftari la foleni. Jina la bibi aliliita mara tatu. Mama mmoja akasema alipanda gari la asubuhi kurudi Sanza.

Takwimu zangu nilizipata, habari ya korosho ikatoka ukurasa wa tisa. Wiki mbili baadaye fundi akanitumia ujumbe: kile kidude kilichokataliwa amekifunga Itigi, kwenye swichi ya chapa nyingine kabisa, na kinapiga kazi.